Ile miti mikavu ya Naivasha acheni kuikata

Kuna watu huku Naivasha wakiambiwa hawa kasuku wadogo, cherero, si wa hapa wanabisha, juu wamezaliwa wakawapata tayari kwa hiyo migunga ya kando ya ziwa. Lakini ni ukweli. Kwao ni Tanzania, wenye uso wa rangi ya chungwa wanatoka kaskazini upande wa Serengeti, wenye kichwa cheusi wanatoka zaidi katikati ya nchi, na huko porini kila aina inakaa na wenzake. Huku walitoka kwa vizimba vya watu, wengine walitoroka wengine wakaachiliwa, aina zote mbili zikachanganyika na kuzaana, na sasa ukimtazama mmoja vizuri unaona ule uso wa chungwa una weusi weusi kama amepakwa masizi, na macho yamezungushiwa nyeupe.

Sasa kuna wale wanasema wafukuzwe eti wananyang'anya ndege wetu mashimo ya kutagia. Hapo kuna ukweli fulani sikatai, cherero hawezi kujitobolea mti, anatafuta shimo lililotobolewa na gogota ama tundu la mti uliooza, na kwezi naye anataka hilo hilo, zuwakulu pia analala humo. Lakini jamani, mashimo yanaisha kwa sababu gani? Mti ukikauka tu mtu anakuja na pawa so, jioni ni kuni, na huo mti mkavu ndio ulikuwa na mashimo yote! Ndio maana cherero wamehamia kwa nyumba zetu, chini ya mabati. Nimemwona jike akichana gome la mti kwa mdomo, kipande chembamba kirefu, anaruka nacho kikining'inia mpaka kwa ukuta, anaingia, anatoka, anarudi tena kuchana, na dume amekaa tu kwa waya.

Kuna nyumba mtaani tundu kama hilo lilizibwa na simiti makinda yakiwa ndani, tukasikia zile sauti mpaka zikanyamaza. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Kwa hivyo kama uko na shamba na mti mkavu hauko karibu na nyumba wala stima, uache usimame. Cherero usinunue, na kama unaye usimwachilie nje. Na fundi akija kwa mabati mwambie achungulie kwanza, makinda hukaa ndani kama wiki sita hivi, wakisharuka ndio azibe.