Mlonge: sawa tukamue antioksidanti, ila tunapima nini?

Tafiti nyingi za majani ya mlonge zinahangaika na swali moja, utoeje antioksidanti (kemikali zinazopunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni) nyingi iwezekanavyo kwenye gramu moja ya unga, na mimi naiheshimu sana hiyo kazi ila kuna sehemu inanisumbua.

Tuanze na haki yao. Yale majani yana kwesetini, kempferoli na asidi ya klorojeniki, vyote ni antioksidanti, na havitoki kirahisi. Ukitumia maji matupu vingine vinabaki ndani, etanoli tupu nayo hivyo hivyo, ila ukichanganya, etanoli kama asilimia 50 mpaka 70, mara nyingi ndo unapata zaidi. Joto likipanda vinatoka haraka, likizidi vinaharibika, na ukichelewesha oksijeni inavila. Sasa vyote hivi vinaathiriana, ukibadilisha kimoja kimoja utazunguka tu, ndo maana wanatumia mbinu ya hesabu ya Box na Wilson ya 1951, unabadilisha joto, muda na kiwango cha etanoli kwa pamoja, majaribio machache unaona kilele kiko wapi. Kwa maabara yenye bajeti ndogo hiyo ni nafuu kubwa.

Shida yangu iko kwenye kipimo. Wengi wanapima kwa DPPH, kemikali ya maabara ya zambarau ambayo ukiitia mchujo wa majani wenye antioksidanti inapauka kwenda njano. Au Folin-Ciocalteu, kemikali nyingine ya kupimia, inayogeuka bluu, na hiyo hata vitamini C inaigeuza, kwa hiyo kilele ulichokipata kinaweza kuwa cha kitu kingine kabisa. Halafu rangi kubadilika kwenye chupa siyo mtu kupata afya. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC (kipimo kingine cha maabara cha nguvu ya antioksidanti kwenye vyakula) mwaka 2012 maana wafanyabiashara walikuwa wanauzia zile namba wakati hazionyeshi kinachotokea mwilini. Na kule Ufini wavuta sigara walipewa beta-karotini, nayo ni antioksidanti, miligramu 20 kila siku, majibu yakatoka 1994, saratani ya mapafu ikaongezeka. Kile kilikuwa kidonge siyo mboga, na hapo ndo penyewe, ukikamua na kukoleza sana unatoka kwenye mboga unaingia kwenye dawa, na dawa ina maswali yake ya dozi na usalama.

Wapo wanaosema bila maabara tutabaki na "kijiko asubuhi kijiko jioni", leo kali kesho maji. Ni kweli kabisa, na mimi sisemi waache. Nachotaka wapime pia kwa vifaa vya anayekunywa. Mama anayeuza unga wa mlonge sokoni hana etanoli wala mashine ya ultrasaundi ya kukamulia majani kwa mawimbi ya sauti, mteja wake ana sufuria na maji ya moto. Kwa hiyo linganisha jani lililokaushwa kivulini na la juani, maji yanayochemka na yaliyopoa kidogo, dakika 5 na dakika 20, na uandike jani lilichumwa msimu gani maana nalo linabadilika. Kipimajoto na saa vinatosha kwa hatua hiyo, kisha ule mchujo ndo uende kwenye HPLC, mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja, ihesabu kwesetini yenyewe, siyo rangi tu.