Mwenzenu Nataka Kompyuta ya Gemu

Nina miaka 38, mke mmoja, watoto wawili, na nimefungwa 7–0 na mtoto wa kidato cha pili. Ingekuwa uwanjani ningesingizia goti. Hii ilikuwa kwenye kibanda cha gemu, nimekaa kwenye benchi, pedi mkononi, goti limepumzika kabisa.

Pale kwetu Mbagala mechi moja ni 500. Nikitoka kazini nasema napita kupumzisha akili, natoka akili imechoka kuliko nilivyoingia nayo. Na wale watoto hawana staha. Bao la nne likiingia, mmoja anakugeukia kwa huruma kabisa: "Anko, tukupunguzie levo?" Levo! Mimi niliyeanza kushika pedi mama yake hajaolewa!

Nikasema hapana. Nitanunua kompyuta yangu, nijifungie ndani, nifanye mazoezi kimya kimya, halafu siku nirudi pale kibandani kama jini.

Hela ilikuwepo. Mchezo wa kazini, ule wa kupeana hela kwa zamu, ulinifikia mwezi ule, laki nane taslimu. Sikumwambia mtu. Lakini mke anajua tarehe ya mchezo wa mumewe kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mama yake mzazi. Sijavua hata viatu: "Baba Salma, gesi imeisha." 25,000. "Na ile kadi ya mchango ya binamu yangu wameipigia simu tena." Dabo, 100,000. Halafu ikakatwa 25,000 nyingine ya "vitu vidogo vidogo", ambavyo mpaka leo sijaviona, sijui ni udogo wake au nini. Nikabaki na laki sita na nusu.

"Sasa kompyuta ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani? Si wewe unaandika stoo kwenye daftari?"

"Wanataka tuhamie kwenye kompyuta, Mama Salma. Dunia inabadilika."

Shikilieni hapo huo uongo, maana naulipia mpaka leo.

Sasa, mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima. Nilihitaji mtaalamu, na mtaalamu pekee niliyemfahamu alikuwa yuleyule dogo aliyenifunga saba. Anashinda YouTube anaangalia Wahindi wakifungua makompyuta. Nikamvizia akitoka tuisheni, tukakubaliana: chipsi mayai, soda, na mdomo afunge. Jumamosi asubuhi tukapanda gari la Kariakoo.

Ukishuka tu pale mtaa wa Aggrey, winga keshakuona. "Bosi, laptop? Desktop? CPU tupu?" Hata hujajibu, anakwenda, nawe unamfuata kama kuku aliyeona pumba. Anakuingiza duka ambalo si lake, anasimama nyuma yako, anamkonyeza mwenye duka. Huko kukonyezana ndiyo cha juu chenyewe. Mimi nilikuja na laki sita na nusu, lakini kwa jinsi nilivyoufinya mfuko, winga alishajua mpaka sarafu.

"Bosi, chukua hii. i7. Hii hata ukicheza gemu la NASA."

Nikaipenda. i7! Ndiyo jina la prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta, na hata kuitamka kunapendeza. Nikajiona nawaambia watu kazini, "Ee, mimi natumia i7." Dogo akaninong'oneza: "Anko, soma namba inayofuata." Nikasoma, 2600. "Hiyo ni ya 2011. Kizazi cha pili." Mwaka 2011 mimi nilikuwa sijaoa, bado nina nywele mbele. Akanieleza kwamba i5-8400 ya 2017, ambayo jina lake ni dogo, ina viini sita vya kufanyia kazi wakati ile i7 ina vinne, na inaiacha mbali. Kumbe kununua prosesa kwa kuangalia i7 peke yake ni kama kuoa kwa kusikia jina la ukoo. Ukoo mkubwa, binti mwenyewe kumbe bibi.

Basi nikataka hiyo ya kizazi cha nane. Bei ikaruka kama panzi. Kwa nini? Dogo akasema Windows 11 rasmi inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliachwa kupewa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana ofisi za Ulaya zinaachana na mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo bado zina nguvu zake, zinakuja kujaa huku kwa bei ya kuzungumzika. Nikamwambia hapo hapo, mimi ndiye wa kizazi cha saba. Mzungu akitupa, mimi naita mpya.

Nikaona moja nyembamba, ya kulala, nzuri, 280,000. Nikawaza itakaa chini ya tivii, mke hata haioni vizuri. "Sawa," nikasema, "weka na kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za gemu, tujue moja." Fundi akafungua mfuniko, akaleta kadi, akaishusha kwenye nafasi yake. Ikagoma. Akaigeuza. Ikagoma. Akaisimamisha vizuri, akasogeza waya, akapuliza vumbi, akaangalia tena kama mtu anayejaribu kuingiza kabati la milango mitatu kwenye chumba cha uani. Kadi ilikuwa imezidi kasha kwa vidole vitatu. Tukasimama wote tunaitazama: mimi, dogo, fundi, winga, na mteja mwingine aliyekuja kununua chaja.

"Zipo fupi," fundi akasema.

"Leta fupi."

"Fupi bei yake iko juu."

Nikamuuliza arudie. Nimezunguka nchi hii, sijawahi kuona mahali ambapo ukiwa mfupi unapandishwa bei.

Tukahamia kwenye mnara, lile kasha kubwa la kusimama. i5-7500, RAM ya GB 8, hard diski ya GB 500. Alianza 420,000. Nikaondoka mara mbili, nikaitwa mara mbili, mara ya tatu nikaondoka hakuniita, ikabidi nijifanye nimesahau kofia. Tukamalizana 330,000.

Sasa kadi. Winga akaja na boksi linameta, picha ya dubwana linatema moto. "Memori GB 4 hii, bosi. 120,000 tu." GB 4! Na ile nyingine aliyokuwa anaitaka dogo, 1050 Ti, nayo ni GB 4 lakini 220,000, imefungwa kwenye gazeti. Nikamwambia dogo, wewe mtoto una hila na mimi, GB ni zilezile, tofauti ya laki nzima unaipeleka wapi?

Yule mtoto akashusha pumzi kama mwalimu mkuu. "Anko, hiyo ni GT 730. Ya 2014. Nyumbani kwenu mna simtanki?" Tunalo. "Sasa chukua simtanki mawili ya lita zilezile. Moja limefungwa bomba la nchi mbili, jingine umelichomeka mrija wa soda. Yote yamejaa. Utaoga wapi?" Akasema hizi 730 za memori ya zamani, DDR3, hazifikishi hata GB 30 kwa sekunde, 1050 Ti inapitisha 112. Mteja wa chaja akatikisa kichwa, akasema "Dah." Na mimi nikasema dah, maana ningemjibu nini? Kwa hiyo dubwana linalotema moto lilikuwa linanywa kwa mrija.

Lakini kabla hatujalipa, dogo akatoa flashi mfukoni, akachomeka, akafungua kiprogramu kinaitwa GPU-Z. Akasema kuna kadi nyingine ni za zamani sana ndani, zimebadilishwa jina tu, ukiiwasha inajiita 1050 Ti na yenyewe ni kikongwe. Vyeti feki! Nikakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa 2017, jinsi watu walivyokuwa wanatoka maofisini na viboksi vyao. Tukasubiri kioo kimya. Ikasoma halali. Mwenye duka akatabasamu kama aliyefaulu yeye.

Hapo ndipo shetani akaingia, na shetani wangu ana mfuko wa nailoni. Winga akarudi mbio: "Bosi, acha hiyo. RX 580, GB 8, 230,000!" GB mara mbili kwa nyongeza ya 10,000! Hata dogo macho yalimtoka. Nikamuuliza dogo rahisi hivyo kwa nini. Akasema nyingi za hizi zilikuwa zinachimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana, kama daladala isiyolala, na ile sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi mwezi Septemba 2022, wachimbaji wakazimwaga sokoni. Hilo ningelivumilia, hata mimi nimetumika. Tatizo likawa umeme. Ile 580 inakula hadi wati 185 peke yake na inataka waya wake maalumu. Pawa saplai ya mnara wangu nzima ni wati 240 na waya huo haina. 1050 Ti yenyewe ni wati 75, inanyonya palepale ilipochomekwa, haimuombi mtu.

"Tunaweza kufanya ufundi," fundi akasema. Mtanzania akikwambia hivyo, shika watoto wako. Ufundi wenyewe: kasha libaki wazi, pawa saplai ya pili ikae nje juu ya meza, waya wa kijani na mweusi zishikizwe kwa kipande cha waya ili iwake. Nikamuona Salma, miaka mitatu, kijiko mkononi, anakuja kuangalia baba anafanya nini. Nikachukua 1050 Ti.

Hesabu ikawa 550,000. Dogo akasema bila SSD, ile diski ya kasi, nitakuwa nawasha kompyuta, napika uji, nakunywa, naosha kikombe, ndiyo inafunguka. SSD ya GB 256, 45,000. Waya wa HDMI wa kuunganisha kioo 10,000. Pedi moja 25,000, ya pili sikuifikia. Winga 5,000, kazi yake sijaijua. Chipsi mayai mbili na soda mbili 7,600. Bodaboda wa kunibeba na mnara wangu nimeukumbatia kama mgonjwa, akamaliza kilichobaki. Kioo je? Kioo kitatoka wapi? Tivii ipo.

Naam, tivii. Saa moja hadi saa nne usiku tivii ile ina wenyewe. Kuna tamthilia ya Kituruki, kuna ya Kihindi, na kuna ya marudio kwa ajili ya waliokuwa jikoni. Zamu yangu inaanza saa nne na robo. Na hapo ndipo uongo wangu unanisubiri mlangoni: Mama Salma halali. Anakaa kwenye kochi, kanga begani. "Haya Baba Salma, fanya hiyo kazi tuone." Nafungua Excel. Naandika: Misumari, kilo 40. Naifuta. Naandika tena. Siku ya tatu aliniuliza mbona misumari haipungui.

Frijigadi, kile kifaa cha kuilinda friji na umeme, nayo ilileta kesi. Umeme wetu unakonyeza kama winga, na stabilaiza hela haikuwepo, kwa hiyo nikachomoa friji nikaweka kompyuta kwenye frijigadi. Niliamini kwa saa mbili friji haitajua. Friji haikujua. Maziwa yalijua.

Gemu lenyewe? Ndoto ilikuwa FC 25, lile gemu la mpira, linakubali 1050 Ti na RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, yaani mimi kabisa, kana kwamba walinipima. Ila linataka nafasi ya GB 100. Mimi bando langu ni la wiki na linaisha Jumanne. Nikapiga hesabu ya kulishusha kwa bando, nikaona ni nafuu kumleta mchezaji mwenyewe hapa Mbagala. Dogo akasema usijali, Jumapili akaja na gemu jingine la mpira, PES 2013. Ndiyo, 2013, kila mtaa wanalo.

Likafunguka chap, picha maji, halikwami hata sekunde. Nikaipapasa kadi yangu kwa nje ya kasha. "Unaona 1050 Ti inavyofanya kazi?"

Dogo akanyamaza kidogo. "Anko, usinielewe vibaya. Hili hata bila kadi lingecheza."

"Bila kadi?"

"Ile grafiki ya ndani ya i5 inatosha."

Laki mbili na ishirini. Nikamwambia achague timu, tusipoteze muda.

Kwa kuwa pedi ni moja na nyumba ni yangu, pedi nikachukua mimi. Yeye nikampa kibodi, niliyoazima ofisini, haina herufi D, na kitufe cha nafasi unakibonyeza mpaka kidole kinauma. Nikasema leo Mungu ameamua. Mama Salma akatoka jikoni, akasimama na mwiko, akauliza hii nayo ni stoo? Sikumjibu, mpira ulikuwa kwangu.

Amenifunga nne. Kwa kibodi. Bao la tatu alilipiga huku anatafuna muhogo.

Nimekaa nimeitazama hii pedi vizuri, naona kuna mahali kitufe cha kushoto kinachelewa kidogo. Jumatatu nikitoka kazini napita Aggrey kuulizia nyingine.