Nilifuata Moto, Nikakuta Ndoa

Hivi mtu akikwambia kuna muvi ambayo bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, wewe unategemea nini? Mimi nilitegemea moto. Ile Fifty Shades of Grey, muvi ya mambo ya chumbani ya bilionea na binti, ilitoka 2015, majirani zetu wakaifungia, na kwa Mbongo hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo. Ikaja ya pili 2017. Ya tatu na ya mwisho, Fifty Shades Freed, ikatoka Februari 2018, siku chache kabla ya Valentaini. Nimeziona zote. Hii ya mwisho naidai radhi.

Inaanza na harusi. Harusi gani haina kamati? Hakuna aliyechangishwa, hakuna kadi ya singo wala dabo, wanaoana tu na kupanda ndege yao binafsi mpaka Ufaransa. Kule ufukweni bibi harusi Anastasia kavua sidiria, maana wenzake wote pale wamevua, na bwana Christian kanuna. We Christian! Si wewe uliyemletea huyu binti mkataba wa kumfunga na kumchapa? Leo ndiyo umeiona aibu?

Wakirudi Seattle, mke anakuta kapandishwa cheo akiwa fungate. Kwetu ukirudi likizo unakuta kiti chako kakalia mpwa wa bosi. Mume naye anamvamia ofisini kwa hasira. Kisa? Barua pepe ya mke bado ina jina la kwao! Mimi nimezima simu, nimefunga mlango, watoto wamelala, ili niangalie watu wazima wakigombania jina la barua pepe? Ugomvi wa hivyo ninao ndani, tena bure, bila hata bando.

Kuna na msanifu majengo, dada mmoja anayemshikashika mume wa mtu huku anaonyesha ramani ya nyumba. Anastasia akampa maneno yake. Mama Junior akajiweka sawa kwenye kochi, akanitazama mimi! Mimi ambaye fundi wangu pekee ni mzee wa kuzibua choo.

Adui ni Jack Hyde, bosi wa zamani wa mke. Anaingia nyumbani kwao na kisu, walinzi wanamdaka, halafu wanasema hawana kitu cha kumfungia. Nyumba hiyo! Nyumba yenye chumba kizima cha pingu na kamba! Mke ndiye anawakumbusha kwamba vifaa vipo. Hapo nilicheka, na nikaomba muvi iishie hapo hapo. Haikuishia. Jamaa anatoka rumande, anamteka wifi mtu na kudai dola milioni 5, na Anastasia anakwenda benki anazitoa siku hiyo hiyo. Mimi juzi nimetoa laki tano nikaulizwa nazipeleka wapi, kwa nani, na kwa nini. Mwisho stelingi wa kike anampiga adui risasi ya mguu. Mguu! Enzi zetu za kibanda umiza, adui wa muvi alikuwa anakufa mara mbili, na ile ya pili anaangukia maji yenye mamba.

Mambo yenyewe tuliyoyafuata yamo, sikatai. Wanafukuzwa na gari, mke anakanyaga Audi mpaka wanampoteza anayewafukuza, wanaegesha, wanaanza shughuli. Huku kwetu mlinzi wa maegesho angeshagonga kioo anataka buku lake. Lakini kila wakianza, muziki unapandishwa, na nyuso zao ni za watu wanaosubiri namba zao ziitwe kaunta.

Kisha nikasoma kwamba muswada wa muvi kauandika Niall Leonard, mume wa E. L. James, mwenye vitabu vilivyozaa muvi hizi. Nikamhurumia kaka wa watu. Kitabu ni cha mkeo, unaishi naye, unakula chakula chake, na wewe ndiye upunguze kurasa? Ungethubutu?

Ila kituko kikubwa ni mimba. Mke kasahau sindano za uzazi wa mpango, mimba imeingia, na Christian anapagawa, anatoka kwenda kulewa. Bilionea mzima, ana kampuni, ana helikopta, ana walinzi wa zamu, halafu baada ya sehemu tatu za kazi hiyo hiyo, anashangaa mimba imetoka wapi!

Mwishoni wanatuwekea picha za sehemu zilizopita, eti tukumbuke tulikotoka, halafu mtoto anacheza nje na mama yake ana tumbo la pili. Ada ya shule haijatajwa popote.

Mama Junior hakusema neno juu ya pingu wala ndege. Alichoshika yeye ni pale Christian alipokaa kwenye piano akamwimbia mkewe mbele ya wageni. Sasa nikirudi kazini, kabla hata sijavua viatu: "Baba Junior, leo huimbi?"