Mpaka Sufuria ya Bibi Ikapanda Bodaboda

Wiki ya tatu ya kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa redio jirani na soko la Mtwara, nilishajiona injinia. Kulehemu nilijua, ushahidi ni vidole vitatu vilivyoungua. Kapasita nazo, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, nilizijua: moja niliifunga chanya kwenye hasi, ikapasuka karibu na sikio langu, nikatoka nje kuangalia ni Bajaji ya nani imepasuka tairi.

Ikaja oda. Vijana wa bodaboda walitaka vichaji 12 vya simu vya kufunga kwenye pikipiki. Ndani yake hakuna makubwa: aisi ya 7805 inayopokea volti 12 za betri na kutoa volti 5, kapasita mbili, na tundu la kuchomeka waya wa simu. Shughuli ni bodi. Fundi wangu huzitengeneza mwenyewe: anachukua kibao chenye utando wa shaba, anachora njia za umeme kwa makapeni, kisha anakilaza kwenye dawa, feriki kloraidi. Dawa inakula shaba yote, inabakiza pale tu penye wino.

Ijumaa fundi akapata msiba Masasi. Akaniachia vibao vilivyokwisha kuchorwa, chupa ya dawa nyeusi kama chai ya msibani, na maagizo: "Mimina kwenye beseni la plastiki, beseni ulikalishe kwenye maji ya moto. Ikiwa vuguvugu inakula haraka, ikiwa baridi utakesha."

Mimi nikashika "moto" na "haraka". Plastiki ilipita hivi.

Nikabeba kazi mpaka nyumbani Chikongola, nikiwaza fundi atakavyorudi akute bodi 12 zimejipanga mezani. Bibi alikuwa uani anasafisha ming'oko, viazi vya porini, ya jioni. Jiko la mkaa limekolea. Sasa beseni la nini, na maji ya nini, wakati moto huu hapa na sufuria hii hapa? Wavumbuzi wote walianza hivi, nikajiambia. Nikaichukua sufuria yake nzito, ile aliyoinunua kwa pesa ya korosho msimu mmoja uliomnyookea, nikamimina dawa nusu lita, nikazamisha vibao, nikateleka.

Haikupita dakika ikaanza kunong'ona. Halafu ikachemka. Nikaitua chini haraka, mbali na mkaa, ipoe. Ikazidi! Iko mchangani, haina moto, inatokota na kufuka moshi, povu la kahawia linapanda mpaka ukingoni.

Bibi akaacha kisu. "Mume wangu," akaniita, maana ndivyo anavyoniita akiwa na furaha na akiwa na hofu, "umepika nini hicho kinachochemka chenyewe?"

"Umeme, bibi."

"Basi kauzime!"

Nikampigia fundi. Nyuma yake nasikia watu wanaitikia dua, naye anaongea kwa kunong'ona.

"Umeiweka kwenye nini?"

"Sufuria."

Kimya. "Sufuria ya nini?"

"Ya wali."

"Nakuuliza madini, sikuulizi mboga! Ya alumini?"

"Ndiyo, fundi."

Akasahau kwamba yuko msibani. "Toka hapo! Usivute huo moshi! Ikitulia mwagia magadi!" Simu ikakatika. Nadhani wafiwa walimkatia.

Ilipotulia nikachota magadi ya bibi, yale ya kuwekea mlenda, nikamwaga kopo zima. Kumbe magadi yakikutana na asidi nayo yanatoa povu. Povu la pili likawa kubwa kuliko la kwanza, likamwagika mpaka kwenye kanga yake iliyoanikwa chini ya kamba. Doa lile la kutu lipo mpaka leo, limekaa sawasawa juu ya maandishi. Majirani wawili wakachungulia ukutani. Mmoja akaondoka anasoma aya.

Nikaingiza kijiti, nikaopoa vibao. Vizima! Shaba inang'aa kwa kijani cha wino, haijaguswa hata chembe. Kitako cha sufuria ndicho kilicholiwa, kina matobo kama chujio la nazi. Fundi alikuja kunieleza baadaye: dawa hiyo ikikutana na alumini inaivamia hiyo kwanza, kwa joto kali, na nguvu yake yote inaishia hapo. Shaba imekaa pembeni inatazama tu. Usiku ule ming'oko tulichemsha kwenye kopo la rangi la jirani, na bibi hakuniita mume.

Fundi aliporudi nilimpelekea sufuria nikitegemea kufukuzwa. Akaigeuzageuza, akagonga ubavuni. Ubavu ulikuwa mzima, mnene. Akachukua msumeno wa chuma. Maana 7805 ikishusha 12 hadi 5 tofauti yote inageuka joto: simu ikivuta ampea moja, ni wati 7, na bila kipande cha alumini cha kulipunga joto hilo inajizima yenyewe. Vipande 12 vikatoka, tukavitoboa, tukavifunga kwa skrubu. Sufuria mpya ilikatwa kwenye posho yangu, miezi miwili.

Juzi bibi kapanda bodaboda kwenda Ligula. Kaona kichaji mbele, kipande chake cha alumini kimejitokeza na ule mkunjo wa ukingo anaoufahamu. Akamgonga dereva bega:

"Polepole, baba. Hiyo unayoendesha ni sufuria yangu."