Tuma hesabu hata kama ni sifuri

Kuna DJ mmoja, jina namhifadhia, kapost kwamba lebo yake ya dijitali, yaani kampuni ya kutoa ngoma za watu mtandaoni, imefikisha toleo la mia. Kava zote mia kazipanga kwenye picha moja, chini kaandika "asanteni familia, tumetoka mbali". Moto, makofi, mioyo, watu wanampongeza tu. Katikati ya pongezi akatokea prodyuza mmoja ambaye kava ya ngoma yake ipo kabisa kwenye hiyo picha, akauliza kwa adabu zote, "Hongera kaka, ile ripoti ya mauzo niliyoiomba vipi?" Nikasema ngoja nitarudi nione anajibiwa nini. Narudi, swali halipo. Limefutwa! Moto upo, makofi yapo, hata yule tapeli anayeuza followers yupo palepale anatangaza biashara yake, swali la hesabu tu ndo limeondoka.

Yaani nilikasirika kama vile ngoma ni yangu.

Kabla hamjaanza kunirukia, sina ugomvi na DJ kuwa na lebo. Muziki huu wa tekno na haus tunaoupiga ulijengwa na watu waliochoka kusubiri kusainiwa. Juan Atkins alifungua lebo ya Metroplex pale Detroit mwaka 1985, Derrick May akaja na Transmat 1986, Kevin Saunderson akaja na KMS 1987, washkaji watatu waliojuana toka shule, hamna mtu aliyewapa kibali. Wale wa kundi la Underground Resistance, kina Mike Banks na Jeff Mills, wao hawakutaka kabisa kubembeleza makampuni makubwa, na baadaye hata usambazaji ukashikwa hukohuko Detroit kupitia kampuni ya Submerge. Kwa hiyo ukiniambia DJ lebo ya nini, acheze tu, mi na wewe tutakosana.

Ila angalia wale walikuwa wanaweka nini mezani. Zama za santuri unalipa kiwanda kwanza kabla hujauza hata moja, unalipa mtu wa kukata masta, ile nakala mama ya kuchapia, unalipa karatasi za katikati, maboksi yanakuja mazito unayabeba mwenyewe mpaka kwenye gari, unazunguka nayo madukani, na duka linakwambia acha kwa mali kauli pita mwezi ujao. Zisipouzika zinakukalia sebuleni unazipiga chenga kila ukienda jikoni. Mtu aliyebeba hasara ya namna hiyo akikwambia tutoe gharama kwanza halafu kinachobaki tugawane nusu kwa nusu, unamwelewa. Ile nusu alikuwa ameinunua na mgongo wake.

Sasa mwenzangu wa leo. Anafungua akaunti kwa msambazaji wa mtandaoni, anatengeneza logo, mara nyingi ni pembetatu sijui kwa nini, anapandisha faili la sauti la WAV na kava, anajaza fomu, baada ya muda ngoma ipo Beatport, Spotify, Apple Music na maduka mengine ambayo hata yeye hayajui. Boksi sebuleni hamna. Kiwanda hamna. Hasara yote imepukutika, lakini nusu kwa nusu imebaki vilevile kama imeandikwa kwenye msahafu, na juu yake imeongezewa neno "milele".

Mi nishaletewa huo mkataba. Lebo siitaji. Kwanza ulikuja baada ya ngoma kutangazwa tarehe, ambayo yenyewe ni janja, maana ukikataa unaonekana we ndo umeharibu. Umiliki wa rekodi unahamia kwa lebo, dunia nzima, kwa muda wote wa haki miliki, na muda wa haki miliki kwa taarifa yako unaweza kuwa mrefu kuliko maisha yako na ya lebo yenyewe. Gharama za kukatwa ni "zitakazoonekana zinafaa". Zitaonekana na nani? Na nani sasa, si na yeye! Halafu kipengele cha mwisho, kitamu kuliko vyote, kila EP, yaani toleo fupi la ngoma chache, lazima iwe na remiksi ya mwenye lebo. Bosi anachukua nusu ya ngoma yako, halafu anachukua ngoma yako yenyewe anaiwekea mdundo mwingine chini anaandika jina lake, na hiyo remiksi ndo inayotangulia kwenye promo, ndo inayowekwa kwenye seti, ndo inayopanda chati. Jina lako linabaki kwenye mabano ya watu wa historia.

Sikusaini. Lakini najua waliosaini, na hawakuwa wajinga, walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu waliofurahi kwamba mtu kajibu demo yao. Demo ukituma sehemu nyingi hupati hata "hapana".

Haya, lakini hata hiyo nusu na hiyo milele ningeimeza, kweli ningeimeza, kama hesabu zingekuwa zinakuja. Hapa ndo naomba tukae kidogo maana watu wanadhani ripoti ya mirabaha ni jambo la wahasibu wenye tai. Msambazaji anamletea mwenye lebo faili, kwa lebo nyingi linakuja kila robo mwaka, wengine kila mwezi. Ukilifungua ni jedwali refu, kila mstari una jina la ngoma, msanii, namba ya ISRC inayotambulisha rekodi, duka, nchi, mwezi, idadi, na pesa yenye masifuri mengi baada ya nukta. Mistari inaweza kufika maelfu, sawa, inatisha. Lakini unabonyeza chujio, unachagua jina la msanii mmoja, unajumlisha safu ya mwisho, unahifadhi, unatuma. Basi! Ndo hiyo. Chai yako haijapoa. Na siku hizi wasambazaji wengine wana kabisa sehemu ya kumgawia msanii fungu lake moja kwa moja, unaweka asilimia mara moja tu unasahau. Mtu anayeweza kuunganisha ngoma nne kwa mpigo kwenye deki za kilabu gizani watu wanapiga kelele, huyohuyo anakwambia jedwali linamshinda. Mnatuona watoto.

Utetezi wao naujua, nimeusikia mpaka nimeukariri. "Hujafikisha kiwango cha kulipwa." Sawa, kiwango cha kulipwa, nani kasema unilipe? Nimesema nionyeshe. "Pesa yenyewe ni ya kununulia vocha tu." Nionyeshe hiyo ya vocha. "Ni sifuri kaka." Nitumie hiyo sifuri, iandike, weka tarehe. Wahenga walishamaliza, mali bila daftari huisha bila habari, hawakusema mali kubwa.

Na sifuri inawezekana kabisa, siwasingizii. Tangu 2024 Spotify hawalipi ngoma ambayo haijafikisha mara 1,000 kusikilizwa ndani ya miezi kumi na mbili. Elfu moja inaonekana ndogo mpaka uwe na ngoma ya dakika nane isiyo na mtu anayeimba. Kwa lebo ndogo yenye ngoma mia tatu maana yake sehemu nzuri ya ghala lake lote kule haizai hata senti, na pesa ambayo ingekuwa yao inarudi kwenye mfuko mkubwa wanagawana wenye idadi kubwa. Huo ni ushenzi mwingine, nitauandikia siku yake. Lakini ripoti yenye pesa sifuri bado ina mambo ndani. Inaniambia ngoma imesikilizwa wapi. Inaniambia kuna mji sijawahi kuufikiria watu wameinunua Beatport, na anayenunua Beatport kwa kawaida ni DJ, kwa hiyo kuna mtu kule anaipiga, kwa hiyo nina pa kuomba shoo. Bosi anaona hiyo taarifa. Anaitumia kujiombea shoo zake yeye. Mi niliyekesha na ile besi naishia kuambiwa "inafanya vizuri".

Msidhani pia kwamba huu ugonjwa umeletwa na intaneti. Larry Heard na Robert Owens, watu ambao bila wao haus ya Chicago ingekuwa kitu kingine, walirekodi miaka ya themanini, wakaipeleka lebo yao ya zamani, Trax Records, mahakamani mwaka 2020, na 2022 kesi ikaishia kwa makubaliano wakarudishiwa haki za kazi zao. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi. Wazee wazima wanadai vitu walivyotengeneza wakiwa vijana. Na wale angalau mashabiki wa muziki wanawajua majina, prodyuza wa EP moja ya kidijitali iliyotoka Ijumaa ikazama Jumatatu ataenda mahakama gani, na nauli ya nani?

Kuna jamaa yangu aliomba kuondoka na ngoma zake, lebo ikakubali, ilikuwa inafungwa hata hivyo. Akaomba namba za ISRC ili akizipandisha upya zitambulike ni rekodi zilezile, na idadi ya wasikilizaji isianze upya. Ile namba ni ya rekodi, haibadiliki hata mwenye mali akibadilika, herufi na tarakimu kumi na mbili tu, kopi na pesti. Akazungushwa wee, mara kompyuta imekufa, mara msaidizi kaondoka nazo. Mwishowe akazipandisha kwa namba mpya, zikaanza na sifuri, na zile playlist zilizokuwa nazo zikabaki zinaonyesha maandishi ya kijivu. Hapo sasa hamna hata mtu aliyefaidika, ndo kinachoniuma. Wizi ningeuelewa. Huu ni uvivu.

Haya, mnataka niseme na mazuri. Nitasema, kwa shingo upande. Mwenye lebo ambaye ni DJ kweli anaweza kufanya kitu ambacho msambazaji hawezi, anaichukua ngoma yako kabla haijatoka anaipiga saa nane usiku mbele ya watu, anaona wanapotoka kwenda kuvuta sigara ni dakika ya ngapi, halafu anakupigia anakwambia breki yako, pale mdundo unaponyamaza, ni ndefu kaikate. Hiyo ni kazi, na inastahili pesa, hata nusu. Anayelipa masta, ule usafi wa mwisho wa sauti, kwa mtu anayejua, anayelipa mchoraji, anayewaandikia watu wa redio mmojammoja na siyo kumwaga promo kwa watu elfu wanaojibu "napakua kwa niaba ya bosi, asante", huyo ni mwenye lebo. Nawafahamu wa namna hiyo, wengi wao wanakula hasara kimyakimya na pesa ya shoo ndo inalisha lebo. Cha ajabu ni kwamba haohao wanaokula hasara ndo ripoti zao zinakuja kwa wakati.

Kuhusu kutoa EP kila wiki: acheni, hamna anayesikiliza. Kuhusu kava zinazotengenezwa na akili mnemba zenye mwanaanga: acheni.

Wengine mtaniambia basi kila mtu ajitolee ngoma zake mwenyewe Bandcamp, lile duka la mtandaoni ambako msanii anauza moja kwa moja, yaishe. Inasaidia, wanakata asilimia 15 kwenye mauzo ya dijitali, unaona kila mnunuzi, unaweza hata kumwandikia, na zile Ijumaa zao za kuacha makato walizoanza Machi 2020 zimewalisha watu. Ila wamiliki wamebadilika mara mbili ndani ya muda mfupi, Epic Games waliinunua 2022, mwaka uliofuata wakaiuza kwa Songtradr, na nusu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kwa hiyo hata huko pakua orodha ya barua pepe za wateja wako uiweke pembeni, usiniulize kwa nini. Na ukweli mwingine ni kwamba si kila prodyuza anaweza kujiuza. Wengine wanataka tu kufunga mlango watengeneze ngoma, na ndo sababu lebo zitaendelea kuwepo, na ziwepo.

Basi vijana mnaoniandikia kila siku "nisaini au nisisaini", mi siyo mwanasheria. Ninachoweza kusema ni kwamba msikubali milele, ombeni miaka mitatu au mitano rekodi irudi kwenu, gharama ziandikwe kwa majina na ukomo wake, remiksi ya bosi iwe ombi isiwe sharti. Akikataa yote hayo msigombane naye, mwombeni kitu kimoja tu, awaonyeshe ripoti ya mwisho aliyomtumia msanii wake yeyote, jina afiche, pesa afiche, abakishe tarehe tu. Mwenye nayo anaitafuta kwenye barua pepe anaituma siku hiyohiyo. Asiye nayo atakupigia simu, na simu yenyewe itakuwa ndefu.