Newala si Songea

Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na sisi wa Mtwara na Lindi tumo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kwa kutoa vibali vya maji na kuamua nani achote wapi, sina ugomvi na mgawanyo huo. Ugomvi wangu ni pale mipaka ya kiutawala inapogeuzwa kuwa kipimo cha mtiririko wa mito.

Mito yetu mingi midogo haina kituo cha kupimia maji. Mhandisi anayejenga kalavati huazima takwimu za mito mingine, na hapo ndipo vidakio, yaani maeneo ambayo mvua yake huishia katika mto mmoja, vinapopangwa kwa makundi. Njia mojawapo, aliyoieleza Dalrymple wa Marekani mwaka 1960, ni hii: mafuriko makubwa ya kila mwaka ya mto hugawanywa kwa wastani wake, kisha uwiano wa mito yote ya kundi huunganishwa. Mto usio na kituo hukadiriwa wastani wake kwa ukubwa wa kidakio na mvua, halafu ukazidishwa kwa uwiano huo wa kundi. Mto uliopimwa miaka michache nao hunufaika na kumbukumbu za jirani zake.

Lakini jirani yupi? Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, Songea, na bondeni mote tunategemea msimu mmoja wa mvua. Mtu wa haraka angesema yatosha, liwe kundi moja. Apande basi Newala. Juu ya nyanda za Makonde mvua inanyesha kweli, lakini mchanga unaimeza. Mto huuoni, chemchemi zinatokea chini kwenye miteremko, na maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu. Shuka Masasi, kwenye milima ya mawe matupu: mvua ikipiga, maji yanateremka papo hapo, kijito kinafurika kisha kinarudi kuwa mchanga. Wilaya hizi zinapakana! Ukichanganya takwimu zake utapata wastani usiofaa kokote: kalavati kubwa bure upande mmoja, barabara iliyobebwa na maji upande mwingine.

Mimi ningeanza na mwamba na udongo, mvua baadaye, mipaka ya mikoa mwisho kabisa. Tena ningevuka mpaka wa nchi. Nyanda za Mueda, ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, zinafanana na Newala kuliko Songea itakavyowahi kufanana nayo.

Lukuledi ndio unaosumbua. Unatoka upande wa Masasi, unapita kati ya nyanda za Makonde na za Rondo, unamwaga Lindi. Uwekwe kundi gani? Kwangu, ukatwe: juu ukae na mito ya mwamba, chini ukadiriwe peke yake, na kituo cha kupimia kikijengwa kimoja tu, kijengwe pale tabia yake inapobadilika.