Maoni ya Mei, bajeti ya Februari

Mwezi Mei ukifika, maafisa wa fedha wa kaunti hutoka kwenye vikao vya umma na lalama ile ile: mwananchi haielewi bajeti. Ameitwa ajadili makadirio ya mapato na matumizi ya kaunti, naye anasimama kuomba basari ya sekondari na nyumba za bei nafuu. Afisa anaandika, anashukuru, kisha ripoti inasema umma umeshirikishwa.

Lalama hiyo ina msingi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliwaandikia magavana kwamba kaunti zisilipe basari za sekondari na vyuo bila makubaliano ya maandishi na serikali ya kitaifa. Magavana walikwenda mahakamani na agizo likasimamishwa, lakini swali lake halikufa: mgao wa mapato ya kitaifa wa mwaka wa fedha 2025/26 ulikuwa shilingi bilioni 415 kwa kaunti zote 47, na pesa zinazolipa karo ya kidato cha tatu haziwezi tena kumwajiri mwalimu wa chekechea.

Hata hivyo, anayeomba karo hajapotea njia. Serikali ya kitaifa iliahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Pesa hizo zikichelewa, mwalimu mkuu humgeukia mzazi, na mzazi huigeukia serikali anayoweza kuifikia kwa miguu. Kuhusu nyumba, mwananchi yuko sahihi kuliko anayemsahihisha. Jedwali lile lile linaitaja nyumba waziwazi miongoni mwa kazi za kaunti. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara hukusanywa na serikali ya kitaifa, ndiyo, lakini idhini za ramani, maji na majitaka ni za kaunti, na mara nyingi ardhi pia. Mitaa ya zamani ya manispaa, kama Buxton kule Mombasa, nayo ilirithiwa na kaunti. Anayeuliza mpangaji wa zamani atahamishiwa wapi nyumba mpya zikijengwa hapo ameuliza swali la bajeti.

Tatizo ni tarehe. Hazina ya kaunti huwasilisha Taarifa ya Mkakati wa Fedha kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 za kuipitisha. Humo ndimo kikomo cha kila idara huwekwa: afya kiasi hiki, elimu kiasi hiki, ardhi na nyumba kiasi hiki. Makadirio huja Aprili 30, na vikao vinavyojaza watu huitishwa baada ya hapo.

Sasa tazama Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015. Bunge likibadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Chukua idara ya elimu yenye shilingi milioni 600. Asilimia 1 ni milioni 6. Ikiwa darasa la chekechea pamoja na choo linagharimu milioni 1.5, hayo ni madarasa manne kwa kaunti nzima. Gawanya kwa wadi 30: shilingi laki mbili kila wadi, pesa za rangi na vitasa. Na hata hizo lazima zikatwe kwenye fungu la idara nyingine, ambalo nalo limefungwa na asilimia ile ile. Watu mia tatu wanaweza kukaa ukumbini tangu asubuhi wakapatana wote kwa sauti moja, na sheria isiruhusu zaidi ya hapo.

Kanuni yenyewe ina maana yake. Bila mpaka, wawakilishi wadi wangeyapasua makadirio siku za mwisho na kuacha miradi nusu nusu. Lakini mpaka huo ni halali pale tu umma uliposikizwa kabla haujawekwa, na kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaitaka hazina itafute maoni ya umma inapoandaa taarifa ya Februari. Kaunti inayotangaza kikao cha maoni hayo kwa siku chache, bila kuweka rasimu hadharani, imeshaamua.

Kwa hiyo atakayetaka kusikika aanze na Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaofika bungeni kufikia Septemba 1. Mradi usiokuwemo humo hupata tabu kuingia baadaye. Mwezi Februari apeleke maoni ya maandishi yanayotaja idara, programu, ukurasa, kiasi, na fungu litakalopunguzwa. "Tujengewe shule" huishia kwenye kumbukumbu za kikao. "Ongezeni milioni 3 za madarasa mawili ya chekechea, mkizitoa kwenye safari za idara ile ile" hulazimisha jibu, na kwa kuwa pesa zinahama ndani ya fungu moja, kikomo hakiguswi. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa na karani wa bunge.

Kaunti nayo inadaiwa ripoti inayoonyesha kila ombi, lilikubaliwa au la, na kwa sababu gani. Isipotoka, vifungu vya 88 na 89 vya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 vinampa raia haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na kuiwajibisha kaunti kulijibu bila kukawia.